Jubilei ya Ndoa Inatafuta Utanzu Wake

Wataalamu wa fasihi simulizi hufundisha kwamba kila hatua kuu ya maisha ya mwanadamu ina utanzu wake. Mtoto mchanga huimbiwa bembezi. Akipita jandoni hulakiwa kwa nyiso. Akifariki, jamaa humlilia kwa mbolezi. Harusi ndiyo tajiri kuliko zote. Pwani, wanawake hupiga vugo. Miongoni mwa Wagikuyu, akina mama huimba gitiro. Wazee wa pande mbili nao huketi na kusemezana kwa mafumbo, wageni wakidai kwamba wamekuja kuulizia ua walilolichungulia bustanini, au mbuzi wao aliyepotelea katika boma hilo. Haya yote yamo katika silabasi na kila mwanafunzi wa Kiswahili anayafahamu. Je, ndoa hiyo hiyo inapotimiza miaka ishirini na mitano, arubaini au hamsini, husemwa nini? Hapo mwalimu na mwanafunzi hunyamaza pamoja.

Kimya hicho hakitokani na uhaba wa sherehe zenyewe. Mtu akisimama Dagoretti Corner, pale Barabara ya Naivasha inapochipuka kutoka Barabara ya Ngong, hapo karibu na makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, yumo katikati ya mitaa iliyolea ndoa za namna hii kwa miongo kadhaa. Riruta, Satellite na Kawangware ni makao ya watu waliotoka kila pembe ya nchi, wakaoana, wakazaa na kusomesha. Sasa watoto wao ni watu wazima, na jubilei ya wazazi ni jambo la fahari kwao. Kamati huundwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, mchango hukusanywa kwa M-Pesa, na mwezi wa Desemba magari huondoka yamejaa wajukuu.

Yanakoelekea ndiko kuliko kugeni. Zamani jamaa wangekutana kwenye boma la babu. Siku hizi wengine hukodi nyumba za mbao mlimani. Wenye mkoba mwepesi hufuata Barabara ya Ngong hadi chini ya vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kina urefu wa takribani mita 2,460. Wenye uwezo hupita Nyeri hadi mabanda ya miteremko ya Mlima Kenya, upande wa Naro Moru. Wako wanaowakejeli, lakini sababu zao si za upuuzi. Shamba la babu limegawanywa vipande vipande, na fleti ya vyumba viwili haiwezi kulaza watu thelathini. Tena mlima una sifa moja ambayo boma halina: si kwao mume wala si kwao mke. Huko hakuna mwenyeji wala mgeni, na wakwe wa pande zote mbili huketi sawa.

Hata hivyo, mkutano wenyewe mara nyingi huwa mtupu. Mbuzi huchomwa, mukimo na pilau hupakuliwa, keki hukatwa na wazee hulishana mbele ya kamera. Mshereheshaji hutoa vichekesho alivyovitoa juma lililotangulia kwingineko. Wimbo unaoimbwa ni ule wa siku ya kuzaliwa, kwa Kiingereza, maneno machache yakiwa yamebadilishwa. Wajukuu huzungumza Sheng na Kiingereza. Bibi wa upande mmoja anajua Kigikuyu, wa upande wa pili anajua Dholuo. Husalimiana kwa furaha, kisha hukaa wakitazamana. Siku mbili hupita mlimani, na hakuna aliyesimulia jinsi ndoa hiyo ilivyoanza wala kilichoidumisha. Familia imekusanyika kuadhimisha kisa ambacho haijakisikia.

Upungufu huu unaonekana hata katika jina. Kiswahili kina neno fungate kwa siku saba za mwanzo wa ndoa, lakini kwa mwaka wake wa arubaini hakijakubaliana na chochote. Wanaosema "kumbukumbu" huwafanya wasikilizaji wafikirie marehemu. Wanaosema "maadhimisho" huleta harufu ya gwaride na sikukuu za taifa. "Jubilei", iliyoletwa na Kanisa, inaelekea kushinda, ingawa nchini Kenya ilipakwa rangi ya siasa na muungano ulioshinda uchaguzi wa mwaka 2013 na chama kilichoufuata. Pamoja na hayo, neno hili lina maana ya asili inayofaa sana. Katika sheria ya Musa, mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka ambao kila mtu alirejea katika ardhi yake na jamaa yake. Jubilei, basi, ni marejeo. Swali ni: wanaopanda mlimani wanarejea kwenye nini?

Jibu haliwezi kuwa tarehe tu. Keki yenye namba 40 inachukulia kwamba ndoa ilianza siku moja, lakini ndoa nyingi za Kiafrika hazikuanza hivyo. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka mwaka 1938, aliieleza ndoa ya Kigikuyu kuwa mfululizo wa hatua na wala si tendo la siku moja. Kuna ruracio, ambayo kwa kawaida husemwa kwamba haimaliziki, na kuna ngurario inayokamilisha ndoa kimila, pengine watoto wakiwa tayari shuleni. Waluo nao wana ayie, zawadi ya kumridhisha mama wa msichana, kabla ng'ombe hawajazungumziwa. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inapogusa ndoa za kimila, huwataka wanandoa kumwarifu msajili baada ya kukamilika kwa sherehe au hatua zinazohitajika. Sheria yenyewe imekiri kwamba kuna hatua. Na wako waliooana kwa mtindo wa njoo-tuishi, wakahalalisha ndoa baadaye. Safari ya namna hiyo, yenye vituo vingi na mashahidi wengi, inaweza kubebwa na kitu kimoja tu, nacho ni masimulizi.

Kinachohitajika, basi, ni jubilei kupewa utanzu wake, na mlima ni mahali pafaapo pa kuuanzishia. Baridi ya usiku huwaleta watu motoni, na moto ndio uliokuwa ukumbi wa ngano kabla ya ukumbi wowote. Hapo aitwe kwanza mshenga, au yeyote aliyekuwapo siku ya kwanza, aseme alitumwa na nani na alijibiwa nini. Wafuate wakwe wa pande mbili, kila upande ukieleza ulivyompokea mgeni wake. Wanandoa waseme mwisho, nao watoto wapewe haki ya kuuliza. Mjukuu aliyefunzwa utenzi darasani atunge beti zake azighani. Mizani anaijua, lililobaki ni kumpa kisa. Na lugha ya baraza hilo iwe Kiswahili. Kukipendelea huko si ushabiki wa wasomi wake. Ndiyo lugha pekee inayowawezesha mabibi wawili wa makabila tofauti kuambiana jambo bila kupitia kwa mtoto. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Imebaki familia kuifanya lugha ya jamaa.

Watakuwapo watakaosema kwamba jubilei ni desturi ya kuazima, na kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hoja hii ina uzito, lakini historia ya Waswahili haiiungi mkono. Maulidi nayo yalitoka ng'ambo. Hata hivyo, tangu enzi za Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, Maulidi ya Lamu yamekuwa yakiwakusanya watu kila mwaka katika mwezi wa Mfungo Sita, hata anayeishi mbali huona aibu kukosa. Yalipata mizizi kwa sababu yalikuja na maneno: kisa cha kusomwa, kasida za kuimbwa, na wanaojua zamu zao. Sherehe ya kuazima huwa ya wenyeji pale wenyeji wanapoipa maneno.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Ndoa ya miaka arubaini ina majeraha, na motoni huwa ameketi binti aliyeachika, au shangazi aliyefiwa na mume mapema. Je, masimulizi hayatawaumiza? Yatawaumiza ikiwa yatakuwa majigambo. Ila fasihi simulizi ina dawa ya siku nyingi: fumbo, methali na kicheko, ambavyo husema jambo bila kumvua mtu nguo. Mzee anaweza kusema kwamba kuna mwaka paa la nyumba yao lilivuja, na kila aliyekwishaishi na mtu akaelewa. Sifa tupu ndizo zinazomtenga aliyeachika. Kisa cha kweli humpa mahali pa kukaa.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao hapa. Utafiti wa nyanjani umezoea kwenda mbali kutafuta wazee wa mwisho wa nyimbo za mwisho. Ni sawa, lakini hakuna ubaya mtafiti akipanda matatu hadi Dagoretti Corner, akarekodi kinachosemwa na kisichosemwa katika jubilei za ndoa, akaonyesha utanzu unavyozaliwa au unavyokosa kuzaliwa. Washenga wa ndoa zilizofungwa miaka ya sabini na themanini ni wazee sana sasa, na kila mwaka wanapungua. Keki inaweza kuagizwa mwaka ujao. Mshenga hawezi.