Pambo la Dirishani, Kazi ya Mikono Midogo

Ndugu msomaji, Jumapili ndiyo siku ambayo mfanyakazi hupata nafasi ya kukaa na wanawe. Lakini aghalabu mtoto mdogo huambiwa, "Nenda kacheze nje," na jua huchwa kabla baba au mama hajazungumza naye kwa kituo. Leo twakushauri utenge saa moja tu, uketi naye mkekani, mtengeneze pambo la kuning'iniza dirishani. Hapana haja ya kwenda dukani.

Kutunga si jambo geni kwetu. Akina bibi wa mwambao hutunga vikuba vya asumini, na watu wa bara wamejua kutunga shanga tangu zamani. Mtoto apitishapo uzi katika tundu huzoeza vidole vyake, navyo ndivyo vitakavyoshika kalamu.

Kusanyeni vizibo vya soda, makombe matupu ya pwani au vipande vya kifuu, gazeti la zamani, uzi imara, na kijiti kikavu cha urefu wa sentimita 30. Gundi mtaipika wenyewe: vijiko 2 vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi, vikorogwe motoni hadi viwe vizito kama uji.

Shanga hufanywa kwa karatasi. Kata pembetatu nyembamba, kitako sentimita 2 na urefu sentimita 20. Mtoto aizungushe katika chelewa ya ufagio, akianzia kitakoni. Ipakwe gundi kuelekea ncha, kisha chelewa ichomolewe. Mkitaka rangi, chovyeni karatasi katika maji ya bizari ya manjano, na kuianika kabla ya kuikunja.

Kazi ya nyundo, kisu na moto ni ya mkubwa. Weka kizibo juu ya ubao, ukitoboe kwa msumari, kisha uponde kingo kali. Mtoto wa miaka minne atatunga. Wa miaka saba ataweza kukunja shanga mwenyewe.

Sasa fungeni nyuzi nne au tano kwenye kijiti, nacho mkining'inize kwa uzi wa katikati. Upande mmoja ukizama, usiurekebishe wewe. Mwulize mtoto afanyeje. Akisogeza kombe zito karibu na katikati, ataona shanga nyepesi za mwishoni zikilingana nalo. Hapo amekwisha kujifunza siri ya mizani, wala hakupigiwa kengele ya darasa.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa sana. Kwanza, mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Kizibo na shanga vyaweza kumkaba. Basi mpe kazi ya kuchagua makombe makubwa, wala usimwache peke yake. Pambo nalo litundikwe mbali na mikono ya mtoto mchanga. Pili, msitumie mbegu za mbarika, wala zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Zinapendeza machoni, lakini zote zina sumu kali.

Nami sina budi kuungama kosa langu. Binti yangu alipokuwa na miaka minne, alitunga pambo lililokwenda upande, vizibo vitatu huku na shanga moja kule. Usiku, yeye amelala, nililifumua na kulipanga vizuri ili wageni walisifu. Asubuhi alisimama chini ya dirisha akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Langu liko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwambia, pasipo kutamka neno, kwamba kazi ya mikono yake haitoshi.

Tulilifumua tena pamoja, akalitunga apendavyo. Lilirudi kwenda upande vile vile, na mwaka mzima hapakuwa na mgeni aliyeingia kwetu asiyeonyeshwa.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, pambo la mwanao likipinda, liache lipinde. Litundike mahali ambapo upepo utalifikia, na kila akija jirani, mwache mtoto mwenyewe aeleze jinsi lilivyotengenezwa. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje kwa mkono wa taratibu.