Mshahara mnono hautoshi, uliza pia ukianguka itakuwaje

Urusi ilipoanzisha KHL mwaka 2008 kushindana na NHL ya Amerika Kaskazini katika hoki ya barafuni, wachezaji walifaidi. Jaromir Jagr aliiacha New York Rangers akajiunga na Avangard Omsk. Waajiri wakiwa wawili, mchezaji ana sauti. Hilo silipingi.

Lakini Oktoba mwaka huohuo, Alexei Cherepanov, 19, aliyecheza na Jagr pale Avangard, alizirai kwenye benchi mechi ikielekea ukingoni, akafariki. Ambulensi ilikuwa imeshaondoka uwanjani.

Jamani, ligi yenye pesa za kuvutia nyota inashindwaje kuweka ambulensi hadi kipenga cha mwisho? Vijana wenzangu, mkiletewa mkataba, msiangalie mshahara tu. Ulizeni mkianguka nani atawainua.