Ushauri wa masomo upimwe kwa wanaohitimu

Mali bila daftari hupotea bila habari, na karo ni mali. Chuo kinachohesabu wanaoingia bila kuhesabu wanaohitimu hakijui hasara yake.

Mpango wa ASAP wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ulioanza 2007, ulimpa kila mshauri wanafunzi 60 hadi 80, badala ya 600 au zaidi, pamoja na msaada wa nauli na vitabu. Ripoti ya MDRC ya 2015 ilionyesha asilimia 40 walihitimu katika miaka mitatu. Wenzao wasiokuwemo walikuwa 22.

Gharama ya kila mwanafunzi ilipanda, lakini ya kila mhitimu ilishuka.

Mlipa karo aulize: mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi, na wangapi humaliza?