Papaini yetu na sheria ya REACH: nani anapashwa kulipa?

Ndugu wakulima wa Beni na Butembo, kuna neno ambalo wanunuzi wanapenda kututolea kwenye mizani ya utomvu wa papai: "Bei imeshuka juu ya REACH." Linasemwa haraka, kilo zinaandikwa, na mkulima anarudi nyumbani na pesa kidogo bila kujua kama REACH ni mtu ao ni kodi. Kodi ziko nyingi tayari kati ya shamba na mpaka wa Kasindi. Hii haiko kodi, na sisi tunaona mkulima asikatwe pesa kwa jina lake.

REACH ni sheria ya Umoja wa Ulaya, ilianza tarehe 1 Juni 2007. Inasema kemikali isiuzwe kule kama haina maelezo: ni kitu gani, kinadhuru namna gani, kinatumikishwa vipi. Mwenye kuiingiza Ulaya, akifikisha tani 1 kwa mwaka, anapashwa kuiandikisha kwa shirika la kemikali lililo Helsinki. Tusome vizuri: mwenye kuiingiza. Si mwenye kuchanja papai asubuhi shambani.

Watu wanatuuliza: sisi tumekausha utomvu kwa jua tu, hatukutia dawa, sasa kemikali iko wapi? Swali ni zuri. Sheria yenyewe inaachilia vitu vingi vya asili, lakini si vile vinavyojulikana kuwa na hatari. Papaini iko kati ya hivyo. Inawasha ngozi na macho, na mwenye kuvuta vumbi lake anaweza kupata pumu. Hapo, kusema kweli, hatuna sababu ya kuikasirikia Ulaya. Mfanyakazi wa kiwanda kule analindwa na vumbi lile lile ambalo mama zetu wanapepeta depo, pua wazi, mikono mitupu. Mnunuzi anayetaja REACH wakati wa kukata bei, tumuulize mbele ya watu wote: maski na glavu za wapepetaji ziko wapi?

Tena, matumizi yanabadilisha mambo. Papaini ya kulainisha nyama, ya kusafisha bia ao ya kutengeneza dawa za hospitali haidaiwi kuandikishwa. Ya kutengeneza ngozi, nguo ao vipodozi inadaiwa. Gunia ni moja, lakini sheria inaligusa ao inaliacha kufuatana na mahali linapoenda. Kwa hiyo koperative iulize kabla ya kukubali bei: inaenda kutumika kwa nini? Nani anaiingiza Ulaya, na tani ngapi kwa mwaka? Namba yake ya uandikishaji ni ipi? Asiye na majibu hana haki ya kukata hata faranga moja.

Gharama ziko, hatukatai. Muda wa mwisho waliopewa wenye tani 1 mpaka 100 ulipita tarehe 31 Mei 2018. Anayeanza leo anaandikisha kwanza, ndipo anaingiza, na analipa sehemu yake kwa waliotangulia kukusanya maelezo. Mtu wa namna hiyo hatahangaika na magunia matatu ya huku na manne ya kule. Ndiyo maana tunaunga mkono koperative za Beni na Butembo kuuza pamoja, kwa daftari moja linaloonyesha utomvu umetoka kijiji gani na umekauka lini. Na mwenye kutia unga ili kilo ipande aachwe nje bila huruma, juu kilichoandikishwa kule ni papaini, si papaini na muhogo.

Mwenye risiti iliyoandikwa makato ya "REACH", aipeleke kwa sekretari wa koperative yake kabla ya mkutano unaokuja. Tunataka kuzihesabu.