Wangengoja leseni, wangengoja hadi lini?

WAPO wanaoshikilia kwamba sheria ni sheria, na sharti itiiwe hata ikiwa dhalimu. Wamesahau upesi. Kabla ya 1997, Mkenya hangeweza kuandaa mkutano wa hadhara bila leseni. Aliyetaka kuilalamikia serikali alilazimika kwanza kuiomba ruhusa serikali hiyo hiyo. Kesi ya nyani, hakimu ngedere!

Kenneth Matiba na Charles Rubia walipoitisha mkutano wa Kamukunji wa Julai 7, 1990, walinyimwa leseni, kisha wakatiwa kizuizini siku tatu kabla yake. Wananchi walijitokeza hata hivyo, na baadhi yao wakalipa kwa maisha yao. Desemba 1991, Bunge lilifuta Sehemu ya 2A iliyokuwa imeifanya Kanu chama pekee kisheria tangu 1982. Leseni ilidumu hadi 1997, baada ya mikutano mingine iliyopigwa marufuku. Tangu hapo mwandalizi huwaarifu polisi tu, na Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinalinda maandamano ya amani.

Bila shaka, anayevunja duka la mwenzake wakati wa maandamano hakaidi dhuluma yoyote. Huyo ni mwizi. Matiba alitangaza nia yake peupe, na akapatwa na kiharusi akiwa kizuizini. Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia mnamo 2017. Alifariki mwaka uliofuata.