Alama za mazingira kwenye vifungashio: zinasema na nani?

Mtaa wa Al-Baghdadiyah mjini Jeddah, unaopakana na mji mkongwe wa Al-Balad kwa upande wa kaskazini, ni miongoni mwa mahali ambapo lugha nyingi hukutana mbele ya meza moja ya duka. Kibarua aliyetoka Mombasa, fundi wa Kibangladeshi, mama wa Kisomali na hujaji wa Unguja anayetafuta zawadi za kurudi nazo nyumbani wanaweza kusimama kwenye foleni moja.

Kiarabu cha kuamkiana na kupatana bei wengi wao wanacho. Kiarabu cha kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti ni jambo jingine, na Kiingereza kilichochapishwa kando yake mara nyingi hakiwasaidii zaidi. Kwa watu hao alama iliyochorwa kwenye kifungashio si pambo, bali ndiyo maandishi yenyewe.

Kwa sababu hiyo, uamuzi mmoja wa Saudi Arabia unastahili kutazamwa kwa makini na Waafrika Mashariki, walioko huko na walioko nyumbani.

Kuanzia mwaka 2017 Shirika la Viwango, Vipimo na Ubora la nchi hiyo, SASO, lilianza kutekeleza kwa awamu kanuni zilizotaka bidhaa nyingi za plastiki nyembamba, ikiwemo mifuko ya dukani, zitiwe viungo vya kuifanya plastiki ivunjike upesi ikipigwa na hewa, joto na jua. Bidhaa zilizotimiza sharti hilo, ziwe za viwanda vya ndani au zilizoagizwa kutoka nje, zilitakiwa zichapishwe alama maalumu ya SASO. Falme za Kiarabu zilikuwa zimekwisha kushika njia kama hiyo.

Nia haikuwa mbaya. Plastiki inayopeperuka jangwani huwaua wanyama: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulieleza habari za ngamia wapatao 300 waliokufa katika eneo la Dubai wakiwa na mabonge ya plastiki matumboni.

Lakini mnunuzi wa Al-Baghdadiyah aliyeiona alama hiyo kwenye mfuko wake aliambiwa afanye nini? Jibu ni kwamba hakuambiwa. Aliambiwa habari ya mfuko, kwamba utatoweka. Agizo alijitungia mwenyewe, na agizo jepesi kuliko yote ni kuutupa popote, maadamu utatoweka.

Halali huku, haramu kule

Wakati Saudi Arabia ikiifanya plastiki ya namna hiyo kuwa ya lazima, Umoja wa Ulaya ulikuwa ukielekea upande wa pili. Kwa agizo lake la mwaka 2019, Umoja huo uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021, kwa hoja kwamba plastiki hiyo haiozi ipasavyo, bali husagika ikawa chembe ndogo zinazobaki ardhini na baharini.

Kampuni moja ya Uingereza inayotengeneza viungo hivyo ilikwenda mahakamani, ikidai kuwa bidhaa yake ni ya aina nyingine na kwamba vijidudu huimaliza. Januari 2024 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ya ngazi ya kwanza iliitupilia mbali kesi hiyo.

Afrika Mashariki nayo ilikwisha kata shauri lake kwa njia fupi zaidi. Zanzibar ilianza kuizuia mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania bara Juni 2019. Abiria aliyeshuka Nairobi au Dar es Salaam na mfuko wa dukani alitakiwa auache uwanja wa ndege, uwe na alama ya kuvunjika au usiwe nayo.

Hivyo mfuko mmoja, wenye alama moja, ulikuwa wajibu mjini Jeddah, bidhaa iliyokatazwa mjini Brussels, na kitu cha kunyang'anywa mlangoni pa Afrika Mashariki.

Lugha ya Kiswahili ingeweza kuwasaidia wataalamu hapa. Chungwa huoza. Kamba ya plastiki iliyoachwa juani huchakaa, hukauka, kisha husagika. Hakuna mvuvi wa Lamu anayeyachanganya mambo hayo mawili. Alama ndiyo iliyoyachanganya, kwa kuliazima jani la kijani kibichi na kulibandika juu ya kitu ambacho si jani.

Mishale mitatu

Alama inayojulikana zaidi duniani katika uwanja huu ni ile ya mishale mitatu inayofukuzana. Ilichorwa mwaka 1970 na Gary Anderson, mwanafunzi wa umri wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, kwa ajili ya shindano la kampuni moja ya maboksi ya karatasi. Inaelezwa kuwa baadaye Anderson mwenyewe alifundisha nchini Saudi Arabia.

Mchoro ulikuwa mzuri na haukuwa na mwenyewe, na kwa hiyo kila mtu aliuchukua. Mwaka 1988 chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani kiliweka ndani ya mishale kama hiyo tarakimu kutoka 1 hadi 7. Tarakimu zile zilikusudiwa kuwajulisha wachambuzi wa taka aina ya plastiki iliyotumika, basi. Hazikusema kwamba chombo hicho kitachakatwa upya. Watu wakaona mishale, wakaamini kitachakatwa.

Mwaka 2013 kiwango cha Marekani kiliiondoa mishale na kuweka pembetatu ya kawaida, ila hakikulazimisha kalibu za zamani zibadilishwe. Mwaka 2021 jimbo la California likapitisha sheria ya kuzuia mishale hiyo isiwekwe kwenye vitu ambavyo kwa kweli havichakatwi. Ni zaidi ya miaka 30 ya kusahihisha jambo ambalo lingeweza kuulizwa siku ya kwanza.

Nukta ya Kijani ya Ujerumani, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina historia kama hiyo. Maana yake ni kwamba mtengenezaji amelipa ada ya ukusanyaji wa taka. Ni risiti, na risiti hiyo inamhusu mtengenezaji na mkusanyaji. Mtu aliyeshika boksi mkononi hana la kufanya nayo.

Na hii ndiyo kasoro ya karibu alama zote za mazingira: zimeundwa kueleza sifa za bidhaa kwa niaba ya aliyeitengeneza, ilhali anayezitazama anataka kujua kitu kimoja tu, aitupe wapi.

Waliowahi kuulizwa

Kwamba jambo hili linawezekana kufanywa vizuri zaidi, kuna ushahidi, nao unatoka mahali pasipotarajiwa. Mwanzoni mwa karne hii Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikuwa na wasiwasi kwamba alama ya zamani ya mionzi, yenye mapanga matatu, haimwambii chochote mtu asiyefundishwa. Waokota vyuma chakavu walikuwa wakifungua vifaa vya hospitali bila kujua kwamba wanashika mauti.

Shirika hilo halikuwaita wachoraji peke yao. Michoro ilipelekwa kwa watu wa kawaida 1,650 katika nchi 11, wenye elimu na wasio nayo, wakubwa kwa wadogo, ili waseme wanaona nini. Miongoni mwa nchi hizo zilikuwemo Kenya na Saudi Arabia. Alama iliyotangazwa Februari 2007 ina miali, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Hata asiyejua mionzi ni kitu gani anajua anatakiwa afanye nini.

Taka za plastiki haziui kwa haraka namna hiyo, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeona haja ya kwenda Dandora au katika vichochoro vya Jeddah kuwauliza waokota chupa na makopo. Watu hao huzijua plastiki kwa mkono na kwa sikio: hii laini, ile ngumu, hii inalia ikibinywa. Tarakimu ndani ya pembetatu hawazihitaji.

Uingereza, ambayo alama yake ya pamoja ya vifungashio ilianza mwaka 2009 na maneno mengi, iliipunguza mwaka 2020 hadi ujumbe wa namna mbili tu: chakata, au usichakate. Denmark ilikwenda mbali zaidi kwa kuchapisha picha ileile juu ya pakiti na juu ya pipa. Mtu hasomi, analinganisha. Umoja wa Ulaya umeichukua fikra hiyo katika kanuni yake mpya ya vifungashio ya mwaka 2025 ambayo, kama ilivyopitishwa, inataka alama za pamoja kwenye vifungashio na mapipa kuanzia Agosti 2028.

Pakiti bila pipa

Wenye viwanda hulalamika kwamba pakiti ya majani ya chai haina nafasi ya kubeba alama ya kila nchi. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Lakini kinachoijaza pakiti hiyo sasa ni majani, tufe la dunia, matone ya maji na mishale ambayo hakuna sheria iliyoyataka.

Ugumu ulio mkubwa zaidi uko kwingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa taka inataka taka zitenganishwe, zinazooza na zisizooza. Kanuni zilizofuata mwaka 2024 zinawabebesha wazalishaji dhamana ya vifungashio vyao baada ya matumizi. Katika mpango wa namna hiyo, mfuko wenye jani la kijani na neno la kudai kwamba unaoza utaingia pipa la maganda ya ndizi na kuliharibu lote.

Mauzo ya nje nayo yataleta jambo lake. Chai, kahawa na parachichi za Afrika Mashariki zinazouzwa Ulaya zitalazimika kubeba picha za Ulaya. Viwanda vya Nairobi na Dar es Salaam vitazichapisha, na kwa kuwa kuchapa aina mbili za pakiti ni gharama, baadhi ya pakiti hizohizo zitauzwa Kariakoo na Gikomba, zikiwa na picha inayomwelekeza mnunuzi kwenye pipa ambalo halmashauri yake bado haijaliweka.