Bin Mabula, Basi Bin Nani?

Wako wenzetu wa pwani ambao Mwislamu wa Mwanza akija kuposa kwao, naye ni Juma bin Mabula, humwambia: "Hilo la baba ni la kikafiri, litupe." La kikafiri kwa lipi? Mbula kwa Kisukuma ni mvua, na Mabula huitwa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Nani aiteremshaye mvua? Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina yenye maana mbaya, Umar na Hamza walikuwa na majina yao kabla ya Uislamu, wakabaki nayo. Na Zaid, aliyezoeleka kuitwa bin Muhammad, iliposhuka aya ya 5 ya Sura Al-Ahzab alirudishwa kwa baba yake, akawa Zaid bin Haritha. Jina la Mtume mwenyewe halikufuta la mzazi! Basi huyu Juma mwataka awe bin nani?